Pale Panapouma

Mzee Randa alikuwa na njia yake ya kumaliza mazungumzo. Hakupiga meza, hakupandisha sauti. Alifungua kinywa akavua meno yake ya bandia, ya juu kwanza halafu ya chini, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji iliyokaa siku zote pembeni ya kiti chake. Meno yakishalala ndani ya glasi, basi, kesi imefungwa. Maana mzee huyu, aliyekuwa seremala mpaka mgongo ulipomgomea, na sasa ni mzee wa kanisa, alikuwa na fahari zake: bila meno hasemi, na asiyesema hajibishwi.

Aliyeijua desturi hiyo kuliko wote ni binti yake, kwa sababu meno yale aliyatengeneza yeye kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa meno ya bandia kwenye kliniki ya mtaa wa pili, na seti ile ndiyo kazi yake ya kwanza baada ya kuhitimu mafunzo. Watu wote walimwita Fundi, hata kanisani. Baba yake peke yake ndiye aliyemwita Mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

Alhamisi ile jioni Fundi alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Alifungua mlango, akaona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, shangazi yake, dada wa baba, ameketi kwenye kochi na mkoba wake mapajani kama abiria anayesubiri kushuka. La pili, glasi iko tupu na meno yamo kinywani mwa baba, wakati ambao kwa kawaida huwa amekwisha kuyapumzisha. Akajua kuna kubwa linalosubiri kusemwa.

Sasa, ili ujue kulikoni, turudi kidogo mchana wa siku ile ile.

Chuo cha kanisa kilikuwa na darasa la wazi kila Alhamisi, kwa yeyote anayetaka. Bango la mlangoni liliandikwa: Fasihi ya Dunia ya Leo na Falsafa Zake, kwa Jicho la Mkristo. Jina refu kama treni ya mizigo. Wenyewe waliliita darasa la riwaya. Walikuwa watu wazima wachache: muuguzi mmoja, tarishi mstaafu, mke wa mchungaji na ufumaji wake, na Fundi, ambaye aliingia mara ya kwanza kwa udadisi tu na mara ya pili kwa sababu nyingine. Sababu yenyewe ilikuwa ndefu, nyembamba, ina miwani, na mara nyingi imefunga vifungo vya shati vibaya, kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu. Huyo ndiye Mwalimu.

Walifahamiana kliniki kabla ya darasa. Mwalimu alikuja na meno ya mama yake mdogo, yule aliyemlea, yamevunjika vipande viwili, kayafunga kwenye leso iliyopigwa pasi. Fundi aliyaunganisha. Mwalimu akarudi kushukuru. Kisha akarudi kushukuru tena. Mpaka tabibu wa kliniki akauliza, huyu kijana ana shukrani za aina gani zisizokwisha? Penzi ni kikohozi, wahenga hawakukosea, na hawa wawili walikuwa wamekohoa mbele za watu kwa muda sasa.

Darasani, Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoishika kama amri.

"Kabla hujamjibu mwandishi, simama upande wake," alikuwa akisema. "Hata kama anasema Mungu hayupo. Msemee, mpaka yeye mwenyewe, angekuwa amekaa kwenye benchi hili, aitikie: naam, hicho ndicho nilichomaanisha. Hapo ndipo ufungue Maandiko umjibu. Ukimjibu kabla, unapigana na kivuli, na kivuli hakiokoki."

Siku ile zamu ilikuwa ya Fundi. Riwaya ilitoka nchi ya mbali yenye theluji, inamhusu fundi saa aliyepoteza mke na watoto wake vitani, akabaki peke yake kwenye mji mtupu, anatengeneza saa za watu ambao hawatarudi kuzichukua. Fundi alisimama, akashika kiti kwa mikono miwili, akamsemea.

"Niliomba," alisema. "Usiseme sikuomba. Nilipiga magoti mpaka baridi ya sakafu ya hospitali ikapanda mapajani. Nikasema, chukua chochote, mwache yeye. Nikanyamaza nisikie jibu. Hakuna. Juu hakuna mtu! Dunia hii ni nyumba isiyo na mwenyewe, na sisi tunagombania vyumba vyake!"

Mke wa mchungaji aliacha kufuma. Na nje, chini ya dirisha, alisimama shangazi, mikononi ana vitambaa vya madhabahu alivyokuwa anavipeleka kufuliwa. Aliyasikia yote, neno kwa neno. Kitambaa kimoja kikamponyoka. Akakiokota akaondoka mbio, na hapo ndipo lilipofanyika kosa, maana kama angengoja kidogo tu, angesikia upande wa pili.

Kwa sababu Fundi aliachia kiti, akasogea hatua moja kando, kama sheria ilivyotaka. Sasa alikuwa anajibu.

"Kaka yangu fundi saa," alisema kwa upole, "unasema juu hakuna mtu. Lakini kila asubuhi unaamka, unafuta vioo vya saa hizo, unatia mafuta. Unamtengenezea nani? Mikono yako inaamini kitu ambacho mdomo wako umekikataa. Mimi sina jibu la kwa nini walikufa. Najua tu kwamba Bwana wangu naye alisimama mbele ya kaburi la rafiki yake akalia, hakutoa hotuba. Nadhani yumo humo chumbani mwako. Anakungoja umalize kulia."

Mwalimu alikuwa amesimama na chaki, akimtazama. Si macho ya mwalimu yale. Fundi aliyaona, akatazama sakafu, akayaona hata sakafuni.

Darasa lilipotoka, Mwalimu alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Jumamosi bado nije kwa Mzee?"

"Njoo. Njoo asubuhi, akishakunywa chai huwa mpole."

"Na asipokuwa mpole?"

"Utakunywa chai wewe."

Ndiyo maana alirudi nyumbani miguu haigusi chini.

"Kaa, Mama," baba yake alisema.

"Kwanza muulize kama bado anasali," shangazi akadakia.

"Shangazi! Shikamoo kwanza."

"Marahaba, na isiniondoe kwenye mada. Nimekusikia kwa masikio yangu haya mawili. 'Juu hakuna mtu!' Na watu wazima wamekaa wanakutazama kama unahubiri. Mimi nina vitambaa vya madhabahu mkononi, mwanangu. Vya madhabahu!"

"Nilikuwa namsemea mtu wa kwenye kitabu."

"Yeye hana mdomo?"

"Hana, Shangazi. Ni mtu wa kwenye kitabu."

Ingekuwa siku nyingine baba angecheka. Alikaa akibonyeza shavu lake la kushoto kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi gizani. "Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, Baba. Lakini ukisikia nusu tu..."

"Kaka yako naye alianza na nusu." Sauti ya mzee ilishuka. "Alikwenda chuo kikuu anaimba sauti ya nne kwenye kwaya. Akaja likizo ana vitabu. Akasema, Baba, mimi namsemea tu mwandishi, namwelewa tu. Akamwelewa, akamwelewa, mpaka sisi akaacha kutuelewa. Kanisani haingii. Hapa haji. Simu anakupigia wewe, mimi nasalimiwa kama jirani."

Yote yalikuwa kweli.

"Huyo mwalimu anayefundisha mambo hayo ndiye anayekuja Jumamosi?"

"Ndiye."

"Aje. Mgeni hafukuzwi. Anywe chai. Ila jibu langu mpelekee mapema, asije akavaa tai bure. Mtoto mmoja nimevipa vitabu. Wa pili sitoi."

"Baba, nisikilize kidogo tu, nakuomba..."

Mkono wa mzee ukapanda kinywani. Ya juu. Ya chini. Maji yakaruka kidogo kwenye kitambaa cha meza.

"Haya," shangazi akasema, sasa kwa huruma. "Yamelala."

Kesho yake Mwalimu alimkuta Fundi kwenye chumba chake cha kazi nyuma ya kliniki. Kilikuwa chumba kidogo, kina dirisha moja, harufu ya nta, na rafu za mataya ya plasta yaliyopangwa kama vikombe. Fundi alikuwa na unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Alimweleza yote, isipokuwa lile la tai, bila kuinua kichwa.

"Basi nisije?" Mwalimu akauliza.

Fundi aliweka kisu chini. "Unataka usije?"

"Nataka nije hata sasa hivi. Lakini umeniambia huwezi kuolewa bila baraka ya baba yako, na mimi sitaki uolewe bila hiyo. Sitaki kuwa mtu wa pili aliyemnyang'anya mtoto."

"Basi ni hivyo? Unafunga kitabu?"

"Hapana. Nafikiri kwa sauti. Nikiogopa huwa nafikiri kwa sauti. Utazoea." Akasukuma miwani juu. "Ukipenda kuzoea."

Fundi alicheka, na machozi yakapata njia. Akayafuta kwa mkono wenye plasta, akajichora mstari mweupe shavuni. Mwalimu akatoa leso, ile ile iliyobeba meno ya mama yake mdogo, akainyoosha lakini hakumgusa. Ikabaki katikati yao mpaka Fundi alipoichukua, na vidole vikakutana humo ndani ya leso, vikakaa kidogo kupita inavyohitajika kupokea leso.

"Kuna kitu sijakuambia," Fundi akasema. "Jana nilipokuwa nasema vile... si yote yalikuwa ya fundi saa."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Kwenye riwaya hakuna hospitali. Fundi saa aliomba nyumbani kwake, kando ya jiko."

Fundi akatazama leso. "Mama aliumwa muda mrefu. Niliomba kwenye sakafu ile mpaka mlinzi akanizoea. Na alipokufa, kwa muda mrefu nilisali kama mtu anayeongea na simu iliyokatika. Sikumwambia mtu. Binti wa mzee wa kanisa unamwambia nani?"

"Ukamwambia mtu wa kwenye kitabu."

"Nikamwambia mtu wa kwenye kitabu. Na nilipomaliza kumsemea, nikawa na nguvu ya kumjibu. Sijawahi kumwamini Mungu kama jana, unaelewa? Halafu shangazi yangu akasikia ile nusu."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Akawa anamtazama anavyofanya kazi. Fundi alichukua sahani ya meno ya mteja, lile ganda linalokaa juu ya ufizi, akapaka krimu nyeupe kwa ndani, nyembamba, kwa brashi.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kutafutia panapouma. Watu wakija hapa wanasema, meno haya mabaya, yatupe. Meno si mabaya. Kuna mahali padogo, kama punje ya mchele, panabana ufizi. Napaka krimu, mtu anavaa, anang'ata. Panapobana, krimu inakimbia, panabaki wazi. Napasaga hapo tu. Mengine siyagusi."

"Mgonjwa hawezi kukuambia mwenyewe ni wapi?"

"Anaonyesha upande mzima wa uso. Na wengine hawasemi kabisa." Akatabasamu kwa huzuni. "Baba wiki hii anatafunia upande wa kulia tu. Nimemuona. Ukimuuliza, anasema haumwi na kitu."

Mwalimu aliitazama ile krimu nyeupe kwa muda mrefu.

"Jumamosi nitakuja," akasema. "Na wewe uje na vifaa vyako."

Jumamosi ilifika na jua lake. Shangazi alifika kabla ya jua. Alisema amekuja kusaidia vikombe, ingawa vikombe vilikuwa vinne na mikono ilikuwa ya kutosha. Mwalimu alibisha hodi akiwa na tai, maana ujumbe wa kutovaa tai Fundi hakuufikisha. Alimwamkia Mzee kwa mikono miwili, akamwamkia shangazi, akajigonga kwenye kona ya meza, akaketi.

Chai ikanywewa. Mkate ukaliwa. Mzee alitafunia kulia, kidole shavuni kushoto. Mabenchi ya kanisa yakaongelewa, mbao ipi inapinda na ipi haipindi, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama mambo yatakwenda. Kisha Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mzee, nimekuja kwa jambo la binti yako."

"Jibu langu hukulipata?"

"Nililipata."

"Basi la zaidi?"

"Naomba nieleze..."

Shangazi aliona mkono unapanda, akasema "Kaka, mbele ya mgeni!" lakini alikuwa amechelewa. Ya juu. Ya chini. Glasi ikalia. Mzee Randa akajiegemeza kwenye kiti, mashavu yameingia ndani, macho yanasema: karibu tena siku nyingine.

Mgeni hakujua atazame wapi. Shangazi alijifunika uso kwa leso.

Hapo Fundi akainuka. Tangu meno yale yatengenezwe, hakuna aliyewahi kuigusa glasi ile kesi ikishafungwa. Akainyanyua. Akayatoa meno ya chini, akayafuta, akayaangalia kwa mwanga.

"Yamekubana kushoto, Baba. Wiki nzima umekula upande mmoja. Nayatengeneza sasa hivi." Akafungua begi lake, akayapaka krimu kwa brashi, akamtia baba kinywani, akayabonyeza kwa vidole, akayachomoa kabla hajapata neno, kisha akaketi mezani karibu na dirisha akawasha mashine yake ndogo ya kusagia. "Mgeni anaweza kuendelea. Wewe pumzika tu."

Mzee akafungua kinywa, akakumbuka, akakifumba. Alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, na ufunguo uko kwa binti yake.

Mwalimu alisimama. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, kama wanafunzi wake wanavyofanya.

"Mzee, darasani kwetu hatumjibu mtu kabla hatujamsemea. Mimi sijaja kukujibu. Naomba nikusemee wewe. Nikikosea, tikisa kichwa, nitaanza upya."

Mzee alimtazama binti yake, akaitazama glasi, akainua bega moja. Ilikuwa ruhusa, ingawa ya shingo upande.

"Mimi ni seremala," Mwalimu akaanza, na sauti yake ikawa nzito kidogo, bila kuigiza. "Mabenchi wanayokalia watu kanisani nimeyapiga randa mimi. Nimebakiwa na binti. Amekuja mtu wa vitabu anamtaka. Nikikubali, watu kanisani watasema."

Kichwa kikatikisika, haraka. Hapana.

"Sijali watu watasema nini."

Kichwa kikakubali.

"Naogopa vitabu hivyo vina sumu."

Mzee hakukubali wala hakukataa. Aliinua kiganja, akakigeuza huku na huku.

"Bado krimu haijakimbia," Fundi akasema kutoka dirishani, bila kugeuka. "Sogea kidogo."

Mwalimu akavuta pumzi. "Nilikuwa na kijana. Anaimba sauti ya nne. Nikiwa nimesimama mbele na kitabu cha nyimbo, sauti yake ilinifikia kutoka nyuma kama mkono begani. Sasa benchi lile liko tupu, na ni mimi niliyelipiga randa."

Kiti kililia. Mzee hakutikisa kichwa.

"Namkasirikia. Aliacha alichofundishwa. Namkasirikia kwa sababu..." Mwalimu akasita. Alikuwa anautazama uso wa mzee kama Fundi anavyotazama sahani. "Hapana. Simkasirikii yeye."

Shangazi alishusha leso.

"Kuna mtu mwingine ninayemkasirikia, ndani ya nyumba hii. Najikasirikia mimi."

Dirishani mashine ilizimwa. Na kisha jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya nyumba ile likatokea. Mzee Randa, kinywa kitupu, mbele ya mgeni aliyevaa tai, alisema.

"Alinijia na kitabu." Maneno yalitoka laini, yamekosa kingo, na hakuyaficha kwa mkono. "Jioni. Mimi nimekaa hapa hapa. Akasema, Baba, kuna mtu ameandika kitu kinanisumbua, nikusomee kidogo uniambie unaonaje. Aliniomba mimi. Angeweza kuwauliza maprofesa wake, akaniuliza mimi." Akaonyesha glasi. "Nikavua meno."

Akaitazama tena ile glasi.

"Nilidhani namfundisha. Asubuhi akaondoka."

"Kaka," shangazi akanong'ona. "Hukuniambia."

"Ungeitangaza mpaka kwaya ya watoto."

"Ningeitangaza, kweli," akakiri, akipenga kamasi.

Mzee akainuka, mkono kiunoni, akaingia chumbani. Kabati likasikika likifunguliwa. Akarudi na kitabu cha jalada la kijani kilichofungwa kwenye kitambaa safi cha kufutia mbao, akakiweka mbele ya Mwalimu kama mtu anayeweka mtoto kwenye mzani.

"Alikiacha. Nimekijaribu. Kusoma najua, macho ninayo, lakini ukurasa wa kwanza tu unanirudisha nje kama sijapiga hodi. Unakijua?"

Mwalimu akakifungua kwa ncha za vidole. "Nakijua. Ni kigumu. Aliyekiandika alikuwa na hasira na Mungu."

"Kina sumu?"

"Kina kidonda, Mzee. Kwa mbali vinafanana. Mtu akikisoma peke yake anaweza kudhurika. Ndiyo maana tunasoma pamoja, na Maandiko mezani, na hatumwachi mtu na swali lake mlangoni."

"Na mnaanzaje?"

"Tunaanza kwa kumsemea mwandishi. Na tukimaliza kumsemea yeye, labda tutaweza kumsemea kijana wako."

Mzee alikaa chini polepole. Fundi akaja akapiga magoti mbele yake, kiganjani ana meno yaliyooshwa, ya juu na ya chini.

"Fungua, Baba. Ng'ata. Tena. Hapa?"

"Mmh."

"Na hapa kushoto?"

Mzee akang'ata. Akatafuna hewa, kulia, kushoto. Akapitisha ulimi. Uso wake ukafunguka kama dirisha lililokuwa limeganda kwa rangi. "Hapaumi."

"Wiki nzima ungeniambia tu."

"Ningekuambia," akasema, akimfuta unga wa ile mashine kwenye nyusi kwa kidole gumba. "Na ile siku ya darasa, ile nusu ya pili. Ulimjibu nini huyo mtu wa saa?"

Fundi akamwambia. Alimwambia yote, na sakafu ya hospitali pia, kwa mara ya kwanza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho na meno yake kinywani. Binti alipomaliza, mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili, kama siku ya kipaimara, akakaa hivyo.

Shangazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Sasa kaka, kwa hiyo umekubali?"

"Nimesema nimekubali? Nimesema tunasoma kitabu." Akamgeukia Mwalimu, akamkagua kuanzia viatu kupanda juu, kama anavyokagua mbao. "Nikikimaliza nitampigia simu kijana wangu. Nitakuwa na cha kumuuliza. Wewe, Jumamosi ijayo, rudi na mama yako mdogo. Jambo kubwa kama lako haliletwi na mtu mmoja, tena aliyekosea vifungo."

Mwalimu akatazama chini. Chini ya tai nzuri, kifungo cha pili kilikuwa kwenye tundu la tatu. Shangazi akaangua kicheko, mzee akafuata, kicheko kikubwa cha meno yote, na Fundi akachukua glasi ile akakimbilia jikoni ili asilie mbele yao.

Alikuwa anaisuuza Mwalimu alipotokea mlangoni, anahangaika na shati lake.

"Usifungue," Fundi akamwambia. "Ukivirekebisha vyote atakosa sababu ya kukuita tena."

"Nilitaka kukuuliza kitu."

"Uliza."

Lakini hakuuliza. Walitazamana tu, na maji yakaendelea kumwagika juu ya glasi mpaka yakamlowesha Fundi mikono. Akafunga bomba. Akaifuta glasi vizuri, nje na ndani, akaipanga kabatini pamoja na glasi nyingine za wageni.

"Mama!" sauti ya mzee ikaita kutoka sebuleni, ina kingo zake zote. "Mwalimu! Mnafanya nini huko? Kitabu hakijisomi chenyewe!"